Adui wa muvi sio mgonjwa, acheni kumgawia skizofrenia

Kila nikiangalia muvi na watu lazima atokee mmoja wa kumpima adui ugonjwa wa akili. Yani adui hajafikisha hata maiti ya pili, mtu kashatangaza pale sebuleni "huyu ana bipola huyu", mwingine anambishia hapana hiyo ni skizofrenia, wa tatu anamaliza na saikopathi, yani mtu asiye na huruma wala majuto, na hapo wote wanatulia maana adui keshapata jina. Hili jambo linaniuma na leo naliandika lote, kwa sababu kaka yangu anaishi na skizofrenia mwaka wa ngapi sasa, na hayo majina mnayogawiana kwenye makochi mojawapo limeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki.

Nimchukue Joker, maana ndiye anayepimwa kuliko wote. Ile ya 2019 ya Todd Phillips, ambayo Joaquin Phoenix alibebea Oscar mwaka uliofuata. Muvi kali, sina ubishi, nimeirudia zaidi ya mara moja, na ndio maana nataka tuiangalie vizuri.

Tuanze na kicheko. Arthur Fleck, ndiye anayekuja kuwa Joker, yuko kwenye basi anamchezea mtoto wa watu, anamfanyia sura za kuchekesha, mama wa mtoto anamgeukia anamwambia aache kumsumbua mwanae, na jamaa kicheko kinamkaba. Anakizuia kwa mkono, kinakataa, macho yanaonyesha kabisa kwamba anaumia, mpaka anatoa kadi mfukoni anampa yule mama asome kwamba asamehewe, ana tatizo la kiafya. Hii hali ipo kweli duniani. Inampata mtu aliyeumia ubongo, au aliyepata kiharusi, au mwenye magonjwa fulani ya mishipa ya fahamu, anajikuta anacheka au analia wakati moyoni hana furaha wala huzuni ya kiasi hicho. Sasa hiyo ni hitilafu ya ubongo na mishipa yake, kwahiyo hata yule anayesema kile kicheko ndio wazimu wenyewe kashaingia kliniki isiyo yake. Wapo wazee wetu waliopata kiharusi wanaangua kilio mezani chakula kikiletwa, watoto wanashangaa, na hakuna aliyewahi kuamka pale akaenda kumpiga mtu risasi.

Halafu kuna Sophie, jirani yake, ule uchumba ambao baadae unagundua ulikuwa kichwani mwake tu. Hapa ndipo watu wanaposimamia skizofrenia yao. Mimi nimekaa nyumba moja na huo ugonjwa, nawaambia sijawahi kuona ukimletea mtu mpenzi mzuri wa kumsindikiza kwenye shoo na kumshika mkono mama anapolazwa. Kaka yangu anasikia sauti, na ndicho wagonjwa wengi wa skizofrenia wanachosimulia, na sauti zenyewe hazimtumi akaue mtu, zinamtukana yeye. Zinamwambia hafai, zinamwambia watu wa nyumbani wamemchoka. Akizidiwa anachukua redio ndogo anaibana sikioni, anaweka taarab anaongeza sauti mpaka mwisho ili zile nyingine zizibwe, na mama alikuwa anamgombeza kila siku kuhusu betri mpaka daktari alipomuelewesha. Ana sindano yake ya modecate kila mwezi, ana vidonge vya atane kwa ajili ya mikono kutetemeka na shingo kukaza. Ndio maana anatembea vile kama kakakamaa, ni dawa ile, sio ukorofi.

Na muvi yenyewe, ukiangalia vizuri, haijataja popote Arthur anaumwa nini. Faili la hospitali linalosomwa pale ni la mama yake. Ya kwake tunaambiwa tu ana dawa 7 tofauti, na bado anamuomba afisa wa ustawi wa jamii amuongezee, mpaka siku anaambiwa jiji limekata bajeti, huduma imefungwa, hawatakutana tena. Kaka niliangalia nae. Mauaji yote hayakumtikisa, aliyaona muvi tu, ila pale kwa yule dada wa ustawi alikaa akaniuliza, "sasa huyu dawa atapata wapi?" Nadhani ndiye mtazamaji pekee niliyekaa nae aliyeuliza hilo swali, wengine wote walikuwa wanasubiri apake rangi usoni.

Ila sehemu inayonikera zaidi ni ile Arthur anapowaambia wenzake waliokuja kumsalimia kwamba ameacha dawa na sasa anajisikia vizuri zaidi. Baada ya hapo anavaa ile suti nyekundu anacheza kwenye ngazi, muziki, mabega juu, kijana anayeangalia anaona uhuru umepatikana. Jamani. Nyumbani kwetu tunajua mtu akiacha dawa kinachotokea, na hamna ngazi wala muziki. Halali, hali, hasogei bafuni, anaanza kuona mlango ukifungwa anafungiwa yeye, na ikija kutulia miezi imeshapotea na hela imeisha na anaona aibu kutoka nje. Halafu angalia mpangilio, wale vijana watatu wa kwenye treni aliwaua kabla huduma haijakatwa, yani bado dawa anazo. Kwahiyo hata hadithi ya kwamba kukosa dawa ndiko kulikomfanya muuaji haisimami ndani ya muvi yenyewe.

Kilichomfanya muuaji kinaonekana wazi kabisa kama mtu hana haraka ya kutaja ugonjwa. Bastola amepewa na mfanyakazi mwenzie, Randall. Vijana wa kwenye treni walikuwa wanampiga mateke, wawili wa kwanza ukitaka unaweza kusema alijitetea, lakini yule wa tatu anakimbia, amejeruhiwa, na Arthur anamfuata mpaka kwenye ngazi za stesheni anammaliza. Mama yake anambana na mto baada ya kujua alimficha mambo. Randall anamchoma mkasi. Na Gary, yule mfupi, amesimama palepale ameona kila kitu, anatetemeka, anataka kutoka ila mnyororo wa mlango uko juu haufikii, anabidi amuombe muuaji amfungulie. Arthur anafungua. Anambusu kichwani, anamwambia yeye ndiye pekee aliyekuwa anamtendea wema, anamwacha aende zake. Huyo ni mtu mwenye orodha na anaifuata! Anajua nani alimdhalilisha na nani hakumdhalilisha, anahukumu mmoja mmoja. Hicho kitu kina jina la siku zote, kisasi, na kila mtu mwenye akili timamu anaweza kukifanya na wengi wanakifanya.

Sheria nayo haihangaiki na jina la ugonjwa kama sisi. Mwaka 1843 Uingereza Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond akidhani ni waziri mkuu Robert Peel, na kesi ile ndiyo ilizaa masharti ya utetezi wa wazimu ambayo mkoloni Mwingereza aliyaleta mpaka huku, kwetu Tanzania yamo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 13. Kinachoulizwa pale, kwa lugha ya mtaani, ni kama ugonjwa ulimfanya huyu mtu asielewe anachofanya, au asijue kwamba hakitakiwi, au ashindwe kujizuia. Mpime Arthur kwa hayo, usimpime kwa kicheko. Na muvi ya pili ya 2024 imekuja kulisema hilo yenyewe, mawakili wanahangaika kuthibitisha kwamba Joker ni mtu mwingine anayeishi ndani ya Arthur, na mwisho Arthur anasimama mahakamani anasema hakuna Joker, ni yeye tu. Watu walichukia sana ule mwisho. Mimi nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Mtu ataniambia hizo ni muvi tu, zinamdhuru nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand walichukua watu 164, wengine wakaangalia Joker na wengine Terminator: Dark Fate, wakawapima chuki yao juu ya wagonjwa wa akili kabla na baada. Matokeo yakatoka 2020, walioangalia Joker ubaguzi wao ulipanda, wale wa Terminator haukupanda. Saa mbili tu za muvi moja. Sasa jumlisha na Psycho ya 1960 ambapo daktari anaingia mwishoni kabisa kutueleza kitaalamu kwa nini Norman Bates alikuwa mtu wawili, jumlisha na ile Split ya 2016 yenye jamaa wa nafsi 23 na ya 24 ni mnyama, jumlisha na zote mlizoangalia tangu utoto.

Na mimi sihitaji kwenda New Zealand. Baada ya Joker kufika mtaani kwetu, vijana wa kijiwe cha bodaboda walianza kumuita kaka jina hilo. Joker, Joker, cheka basi. Mtu wa watu, hajawahi kumnyooshea mtu mkono. Mwaka huohuo alipata chumba cha kupanga, kodi imeshalipwa, mwenye nyumba akasikia habari za kliniki akarudisha hela kupitia kwa mtu, hata kuongea nae uso kwa uso hakutaka. Sikatai kwamba wapo wagonjwa waliowahi kudhuru watu, hasa wakiwa hawana dawa na wako kwenye pombe au bangi, hilo lipo na familia zinalijua. Ila mara nyingi zaidi mgonjwa ndiye anayepigwa, ndiye anayeibiwa, ndiye anayebakwa au kufungwa kamba uani.

Kuhusu neno saikopathi nalo, maana naona ndio linapendwa sasa hivi. Kitabu wanachotumia madaktari wa Marekani kutambua magonjwa ya akili, ile DSM, hakina ugonjwa wenye jina hilo. Kuna kipimo cha Robert Hare cha vipengele 20, alama 40, na anayekitumia anatakiwa awe amesomea, amhoji mtu kwa kirefu na apitie mafaili ya maisha yake. Madaktari wawili wa Ubelgiji, Leistedt na Linkowski, waliwahi kufanya hiyo kazi kwa muvi, waliangalia 400, wakabaki na wahusika 126, na walichokiona mwaka 2014 ni kwamba wengi wao wametiwa chumvi, hawafanani na watu halisi. Muvi 400! Wewe umeangalia nusu ya moja huku unachati. Na madaktari wa akili wenyewe wa Marekani walijiwekea mwiko tangu 1973, hawaruhusiwi kutangaza ugonjwa wa mtu maarufu ambaye hawajamchunguza, baada ya jarida moja mwaka 1964 kukusanya maoni yao kuhusu Barry Goldwater, mgombea urais, likaja kushtakiwa likashindwa.

Shuleni tulisoma Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Shylock, mkopesha hela, anataka ratili ya nyama kifuani kwa mtu, anakuja mahakamani na kisu, ni jambo la kutisha kuliko mengi ya Joker. Mwalimu wetu alipouliza kwa nini, darasa lilijibu vizuri tu: wamemtemea mate, wamemuita mbwa, binti yake katoroka na mali, na yeye roho yake imekuwa ngumu kwa hela. Hakuna mwanafunzi aliyesema ana ugonjwa. Tulikuwa watoto na tulimuelewa yule adui kuliko watu wazima wanavyomuelewa Arthur.

Na sisi huku tuna ya kwetu, tusijifiche nyuma ya Hollywood. Wao wazimu wanauweka mwanzo, ndio unamfanya mtu awe mbaya. Sisi, na Wanigeria tuliojifunza kwao, tunauweka mwisho kama mshahara. Living in Bondage ya 1992, Andy anamtoa mkewe kafara apate utajiri, mzimu wa mke unamwandama mpaka anaokota uchafu mtaani, na tangu hapo ukiona Bongo muvi mama wa kambo mchawi ametesa mtoto dakika 90 unajua kabisa mwisho utamkuta sokoni, nywele timutimu, nguo zimechanika, anaongea peke yake na watoto wanamzomea. Na sebuleni tunashangilia, "amelipwa!" Fikiria mama yangu amekaa pale. Ana mtoto aliyewahi kukutwa barabarani hivyohivyo, miguu peku, anaongea peke yake, na majirani waliulizana kwa sauti ya kusikika huyu mama alifanya nini cha siri mpaka mwanae akawa hivi. Hilo swali halikutoka hewani, tumefundishwa na kideo.

Waandishi wetu wa Bongo muvi, adui yenu akitenda ubaya mwacheni alipe kama watu wengine wanavyolipa: akamatwe, afilisike, watoto wamkatae, azeeke peke yake. Na mkitaka kuweka mtu mwenye skizofrenia, mwekeni auze duka, agombane na mteja wa chenji, aende kliniki siku ya sindano, na adui awe ni mtu mwingine kabisa. Kama kuna muvi ya Kiswahili iliyofanya hivyo naomba mnitajie jina, nitaitafuta hata kama ni ya zamani, nataka kuiangalia na kaka.