Maziwa kutoka kwa mama, udongo wa Lushoto na kapeti za Toyota Spacio yangu

Naanza na hili kwa sababu limenikera wiki mbili nzima: kapeti ya gari iliyomwagikiwa maziwa usiimwagie maji ya moto. Kila niliyemweleza shida yangu, kuanzia jirani hadi fundi wangu wa gari, alinijibu hivyo hivyo kana kwamba wamekaririshwa: chemsha maji, tia sabuni ya unga, piga brashi. Niliwasikiliza, na nikaongeza kazi ya siku mbili ikawa ya wiki mbili.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Nilipanda Lushoto peke yangu kumwona mama, kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba changa na safari ndefu zilikuwa zinamsumbua. Kule kwetu juu mvua ikinyesha siku tatu udongo mwekundu unakuwa kama ugali uliopikwa vibaya, unang'ang'ania kiatu mpaka unatembea umeinuka. Nilipoondoka, upande wa dereva ulikuwa tayari umejaa tope. Buti lilikuwa limeshiba kabichi, viazi na matunda damu, kwa hiyo dumu la maziwa la lita tano mama akaliweka mwenyewe mbele, sakafuni upande wa abiria, akaniambia, "Haya mpelekee mwenzio, mwanangu. Ya ng'ombe wetu hayo, si ya pakiti." Chini ya kifuniko alikuwa ameweka kipande cha nailoni ili kibane.

Kona za kushuka kutoka Soni hadi Mombo anazijua kila aliyezipita. Nilipofika Mombo kujaza mafuta nikakuta dumu limelala ubavu na karibu nusu yake iko chini. Nilipangusa kwa kitambaa nilichokuwa nacho, nikalisimamisha dumu, nikaendelea na safari. Kutoka pale hadi Dar, kupitia Segera na Chalinze, jua linapiga kwenye kioo cha mbele, ni saa nyingi sana za kuyapasha moto maziwa yaliyomwagika. Kama yatakupata haya, simama hapo hapo, toa kapeti nje, mwagia maji ya kawaida ya chupa hata lita mbili tu, uikamue. Ningefanya hivyo nisingekuwa na cha kuandika.

Kesho yake asubuhi mke wangu alifungua mlango wa gari, akaufunga, akarudi ndani bila kusema neno. Kliniki alikwenda na bajaji, kwenye mvua. Hilo liliniuma kuliko kapeti yenyewe. Gari nililinunua kwa ajili ya siku kama zile.

Nilikwenda kwanza kwa vijana wa kuosha magari, nikalipa elfu kumi na kidogo. Walizipiga kapeti kwa pampu, zikawa safi kwa macho, wakazirudisha garini zikiwa zinachuruzika na kufunga vioo. Gari likashinda kwenye jua namna ile. Jioni nilipolifungua harufu ilikuwa imebadilika: si maziwa tena, ni jibini iliyooza imefungiwa na nguo mbichi. Ukipeleka kapeti kwa watu, kataa kabisa zisirudishwe garini zikiwa na maji. Zipakie kwenye buti juu ya gunia, ukazianike mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo nikachemsha maji. Sufuria kubwa, sabuni ya unga vijiko vitano, nikamwaga yakiwa yanatoka mvuke, nikasugua kwa brashi ngumu mpaka mkono ukafa ganzi. Povu lilikuwa zuri, hata nikafurahi. Lakini zilipoanza kukauka niliinama nikazitanua nyuzi kwa vidole, na kule chini kwenye shina la nyuzi nikaona chembechembe nyeupe, ndogo kama punje za semolina, zimeshika kila uzi. Nikijaribu kuing'oa moja kwa ukucha, inavutika kama gundi. Yale maziwa nilikuwa nimeyapika ndani ya kapeti. Maziwa yana protini kama lilivyo yai, na yale yalikuwa yameshaanza kuchachuka. Ukiyapiga na moto yanakatika, yanaganda, yanashikamana na chochote yalichokigusa. Mafuta yake nayo yanabaki humo humo kati ya chembe, na vijidudu vinapata chakula cha mwezi mzima.

Kwenye kundi la familia nikauliza. Ndugu yangu mmoja, namheshimu sana, akaandika: changanya jiki na siki, kila harufu itakufa. Hapa naomba tusikilizane. Jiki na siki zikikutana zinatoa gesi ya klorini, nayo ni sumu inayochoma mapafu. Ndani ya gari, au bafuni mlango umefungwa, mtu anaweza kuumia vibaya. Nilimpigia simu kumwambia afute ule ujumbe kabla shangazi hawajauamini, akafuta. Jiki peke yake nilikuwa nimeshaijaribu kwenye pembe moja ya kapeti, sehemu inayofichwa na siti, tone dogo tu. Kijivu kikageuka rangi ya chai iliyopauka ndani ya dakika kumi, na mpaka leo alama ipo. Jiki ni ya mashuka meupe. Kapeti iacheni.

Aliyeniokoa ni shemeji, dada yake mke wangu, mama wa watoto watatu. Alikuja Jumamosi kumwona mdogo wake, akanikuta nimechuchumaa uani na brashi. Akauliza, "Shemeji, nguo ya mtoto aliyecheua maziwa mmewahi kuiona inafuliwa na maji ya moto hapa duniani?" Nikanyamaza. Akaendelea: maji baridi, sabuni yenye vimeng'enya (enzymes), loweka usiku kucha, usiharakishe. Nilikwenda dukani nikasoma nyuma ya kila paketi ya sabuni ya unga mpaka muuzaji akaniuliza kama natoka ofisi ya viwango. Si zote zina vimeng'enya. Zilizo navyo huwa wameandika, na tofauti ya bei haikufika hata elfu mbili. Vimeng'enya ndivyo vinavyokata protini vipande vipande ikaachia. Navyo vikikutana na maji yanayochemka vinaharibika, kwa hiyo yale maji yangu ya moto yangeiua hata sabuni nzuri.

Kabla ya kulowesha, nilizianika kwanza zikakauka kabisa, nikazining'iniza kwenye ukuta na kuzicharaza kwa mpini wa ufagio kwa upande wa nyuma. Usicheke kazi ya kucharaza. Ile ya dereva, yenye tope la Lushoto, ilitoa vumbi jekundu la kujaza kopo la mchele. Udongo ule ni mwekundu kwa sababu ya chuma, ni kutu hasa, na ukiulowesha ungali mwingi unageuka rangi ya kupaka nguo. Tope liache likauke, livunje, licharaze, pitisha kitana cha zamani chenye meno mapana, ndipo maji yafuate. Watu wengi wanakimbilia maji tope likiwa bichi, na wanalisukuma ndani zaidi.

Maji nayo. Mtaani kwetu tunatumia kisima na maji yake ni ya chumvi, sabuni haitoi povu mpaka umalize paketi, na kikikauka kitu kinabaki na ukungu mweupe. Kwa kuwa ilikuwa masika, nilikinga mvua ya bati kwenye pipa. Maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa, povu linakuja kwa sabuni kidogo, na linatoka kwa maji kidogo vile vile. Nililowesha kapeti ya abiria kwenye beseni kubwa tangu saa mbili usiku hadi asubuhi. Asubuhi maji yalikuwa kama uji mwepesi, na juu yameelea vijipande vyeupe. Nikayamwaga, nikarudia usiku wa pili kwa sabuni mpya. Mara hii nilipotanua nyuzi sikuona chembe hata moja. Nilimwita mke wangu dirishani nikamwonyesha, naye akapiga makofi.

Kusugua kulikuwa kwa brashi laini ya kufulia, nikifuata mwelekeo mmoja wa nyuzi. Baada ya hapo nikaisuuza, na suuzo la mwisho nikatia siki nyeupe, kikombe kimoja kwenye ndoo ndogo ya lita kumi hivi. Siki inaondoa mabaki ya sabuni, na harufu yake yenyewe inapotea ikikauka. Soda ya kuokea mikate nayo ni nzuri sana kwa harufu, ila iwekwe siku nyingine, ikiwa kavu, juu ya kapeti kavu, ilale usiku kucha ndipo uikung'ute. Wanaozichanganya na siki kwenye ndoo moja wanafurahia povu tu. Zinauana zenyewe, unabaki na maji yenye chumvi.

Kukausha nimejifunza kwa kuharibu. Kapeti ya nyuma ya kushoto niliikunja kwenye kamba ya nguo, jua likaipiga, mpira wa mgongoni ukapasuka pale ulipokunjwa. Zilizobaki niliziviringisha ndani ya taulo kuukuu, nikapanda juu kwa visigino, natembea taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Taulo lilinyonya maji mpaka likawa zito kama mtoto. Nikabadilisha taulo, nikarudia. Baada ya taulo la tatu kapeti ilikuwa na unyevu tu, nikaiegemeza wima kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, mpira ukiangalia kivulini na manyoya yakiangalia upepo.

Nikazirudisha kapeti garini, nikapumua, na bado harufu ikawepo.

Nilikaa kwenye siti nikiwa nimechoka kweli. Kisha nikaingiza mkono chini ya kapeti, nikaligusa zulia lenyewe la sakafu, lile lililogundishwa na gari. Lilikuwa na ubaridi. Nikaligandamiza kwa kiganja na maji yakapanda kati ya vidole. Chini ya zulia lile kuna sponji nene, na maziwa yalikuwa yamepenya hadi huko. Wote walionishauri, hata vijana wa kuosha magari, hakuna hata mmoja aliyetazama huko chini. Ikiwa kitu cha maji kimemwagika garini, kabla hujagusa sabuni yoyote, gandamiza zulia la chini kwa kiganja.

Nilibandua plastiki ya kizingiti cha mlango. Inashikwa na klipu, unaivuta juu polepole kwa vidole viwili. Nikalinyanyua zulia kidogo kidogo mpaka mkono ukaingia. Lile sponji nililimwagia maji ya mvua yenye sabuni ile ile, vikombe vichache tu, nikasubiri kama saa moja, nikanyonya kwa taulo nikilibana kwa kiganja. Nilirudia mpaka taulo likawa halitoki na harufu. Ukifika hapo kuwa mwangalifu, nyaya za umeme zinapita chini ya zulia, usimwage ndoo.

Kulikausha ndiko kulikonipa fahari. Zulia likirudi chini linafunga hewa, sponji halikauki hata mwezi. Nikachukua chupa tano tupu za maji, zile za nusu lita, nikazifunga vifuniko ili zisibonyee, nikazilaza chini ya zulia kama nguzo. Zulia likasimama kama hema. Nikaweka feni ya mezani kwenye siti ya dereva, nikairefushia waya kutoka sebuleni, nikaielekeza kwenye mdomo wa lile hema, milango miwili ya upande mmoja wazi. Feni ilipuliza usiku mbili huku gari likiwa chini ya paa la baraza. Asubuhi ya pili niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na sponji lilikuwa kavu, linakwaruza.

Kuna waliosema ningenunua mpya tu pale Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya magari hapa Dar. Zipo, wakati ule zilianzia elfu thelathini na kuendelea, na za mpira zilizokatwa saizi moja kwa magari yote ndizo za bei nafuu. Lakini nyingi hazina tundu la klipu ya upande wa dereva, zinateleza kuelekea kwenye pedali. Wengine wanazitandika juu ya kapeti ya zamani, mbili kwa pamoja. Mwaka 2009 Toyota iliwataka wenye magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani waondoe kapeti za upande wa dereva, kwa sababu zilikuwa zinaweza kunasa pedali ya mafuta. Kwa hiyo ile ya dereva niliirudisha na klipu zake zote mbili, nikakanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limezimwa, kuona kama kuna kinachogusa. Na zile za mpira, kama unazo, usizipake dawa ya kung'arisha. Kiatu chenye maji kinateleza juu yake kama umekanyaga ganda la ndizi, na breki iko hapo hapo.

Jumatatu iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mke wangu akaingia mbele, akafunga mlango na kioo, akavua viatu na kuiweka miguu yake juu ya ile kapeti. Tulipofika kliniki alikuwa amelala.