Siku yangu na umri wa wazee

Saa 11 alfajiri. Moshi kuna baridi. Hata chai sijaweka, nimeshafungua laptop kuangalia data walizotuma wadadisi jana kwa vishikwambi. Mimi ni mtakwimu wa afya, ninatafiti uzee, na cha kwanza kukagua ni umri. Vilele vya mchoro ni vile vile: 70, 75, 80. Wenye 73 hawaonekani. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, basi mwenye haraka anaandika namba iliyo karibu. Kwangu hilo ni jambo zito. Toka mwanahisabati Benjamin Gompertz alipoandika mwaka 1825 tunajua kwamba hatari ya kufa ya mtu mzima huongezeka maradufu kila miaka minane hivi. Kosea miaka minne, mchoro wote umepinda.

Saa 2, nampigia mdadisi.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba mwanangu. Yule bibi wa miaka 80, mrudie. Usimwulize umri, muulize Uhuru ulimkuta wapi."

Saa 4 ni darasani, somo ni kupima muda wa kuishi: aliyehamia Arusha hajafa, ila pia hatuwezi kumhesabu kana kwamba bado tunamwona. Watakwimu Kaplan na Meier walilitatua hilo mwaka 1958, kwa kumhesabu mtu mpaka siku alipoonekana mwisho, na bado kila mwaka kuna mwanafunzi anayewafuta waliohama.

Saa 6 anaingia mwanafunzi wangu wa uzamili, uso umechangamka. Wastani wa nguvu za kiganja umepanda katika duru ya pili ya vipimo! Wazee wamepata nguvu? Namwambia tufungue mzee mmoja mmoja. Mama mmoja duru ya kwanza aliminya kifaa kikasoma kilo 11. Duru ya pili, pako wazi. Anayefuata, dhaifu vile vile, pako wazi. Tunashuka orodha mpaka kijana ananyamaza. Dhaifu hawakufika kituoni, wengine wametangulia mbele ya haki. Wastani umepandishwa na waliobaki. Makala ya matokeo yale ingechapishwa ingenisogeza kwenye uhadhiri mwandamizi, na ingekuwa uongo juu ya watu waliotupa mikono yao tuipime.

Mchana ni vikao na andiko la kuomba fedha.

Saa 11 jioni simu inaita, ni yule mdadisi. Uhuru ulipopatikana, 1961, bibi alikuwa hajavunja ungo. Azimio la Arusha, 1967, lilimkuta bi harusi. Basi kazaliwa kati ya 1948 na 1950. Nafuta 80, naandika 1949, na pembeni: "makadirio".

Kesho saa 12 gari linakwenda vijijini. Nimeongeza kifaa cha kiganja kwenye mzigo. Wasioweza kufika kituoni tutawapimia nyumbani kwao.