Nilivyojifunza kupiga picha za khanga kwa simu

Ninauza khanga na vitenge nyumbani, hapa Dar es Salaam. Mzigo nachukua Kariakoo, na wateja wangu wengi hawajawahi kuniona sura. Wananijua kwa statasi ya WhatsApp. Picha ndiyo duka langu. Na kwa muda mrefu malalamiko yalikuwa yale yale: "Dada, mbona rangi siyo niliyoiona?" Mtu kaagiza damu ya mzee, anafungua mfuko anakuta nyekundu ya kawaida. Mwingine anataka rangi ya maziwa, inamfikia nyeupe pe.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa ninunue simu kubwa. Sikununua. Simu yangu ni ya bei ya kawaida, ile yenye macho matatu nyuma, na kati ya hayo linalofanya kazi ya maana ni moja tu. Lile la megapikseli 2, la kupigia vitu vya karibu, ni pambo.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja anayepiga picha za pasipoti kibandani. Nilimwonyesha picha zangu, akaniuliza nazipigia wapi. Nikamwambia sebuleni. Akasema, "Dada, chukua karatasi nyeupe, iweke hapo hapo unapoweka khanga, halafu ipige uone inatoka rangi gani." Sebule yetu imepakwa kijani, dirishani kuna mwanga wa jua na juu kuna tyubulaiti. Karatasi ilitoka upande mmoja ina ukijani, upande wa pili ina ubluu. Kama karatasi nyeupe inafanywa hivyo, khanga itaponea wapi? Mwanga unachukua rangi ya ukuta unaougonga, na taa mbili za rangi tofauti zikichanganyika, simu haijui ifuate ipi.

Nikahamia uani, chini ya upenu. Hapo kuna kivuli lakini mwanga wa nje unaingia wazi, na ukuta wa nyuma ni wa chokaa. Juani moja kwa moja sipigi. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, jua likiipiga inang'aa na kila kunjo la pasi linaonekana. Isitoshe, jua letu la mchana liko utosini kabisa, hasa mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba. Ukimpiga picha mtu aliyevaa saa sita mchana, macho yanakuwa mashimo meusi. Mdogo wangu anayenivalia nguo namwita saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, naye anasimama upenuni akitazama nje kwenye mwanga.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa khanga ya kisutu. Kisutu kina nyeusi, nyeupe na nyekundu kwa pamoja, na simu ikiachiwa iamue yenyewe, ama nyeupe inaungua na kupoteza maua, ama nyeusi inapauka. Simu kwa kawaida hutaka picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ukiipa nguo nyeusi tupu inaongeza mwanga mpaka nyeusi inakuwa kijivu. Ukiipa nyeupe tupu inapunguza mpaka inaonekana chafu. Dawa yake iko kwenye kioo chenyewe: nagusa ile sehemu nyeupe ya khanga, kinatokea kialama cha jua, nakivuta chini taratibu mpaka maua yaonekane. Nikibonyeza kwa muda bila kuachia, simu inashikilia hapo hapo, basi hata nikisogea kidogo mwanga haubadiliki. Kwa khanga nyeupe nafanya kinyume, nakipandisha.

Jambo jingine, usijaze kitambaa picha nzima. Ukiijaza nyekundu mwanzo mwisho, simu nyingi zinadhani mwanga ndio mwekundu, zinaanza kupunguza wekundu, na damu ya mzee inapotea. Mimi naacha ukuta mweupe kidogo pembeni. Pia nimezima ile akili bandia ya kamera inayojiamulia kuwa "haya ni maua, hiki ni chakula" na kukoleza rangi bila kuombwa. Kwa picha ya harusi iache iwake. Kwa biashara ya nguo inaharibu.

Khanga ina pindo pande zote nne, na pindo likipinda mteja anaona nguo imekatwa vibaya. Nikisogea karibu, lenzi pana inazivuta kona. Kwa hiyo narudi nyuma hatua kadhaa, navuta picha kwa zoom ya mara mbili tu, na nawasha ile mistari ya kioo ili pindo lilale sawa nayo. Zaidi ya mara mbili picha inaanza kuchakaa. Simu naishika usawa wa katikati ya khanga, siyo kutoka juu. Baada ya picha ya mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo, napiga nyingine ya jina peke yake, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, kwa sababu kuna wateja wananunua jina, maua baadaye. Na kabla ya yote nafuta lenzi kwa pindo la nguo yangu. Simu inayokaa mkobani na mafuta ya nazi haina picha safi.

WhatsApp nayo inabana picha. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma. Mteja aliyeonyesha nia namtumia kwa hicho, statasi inabaki ya kuonjesha.

Malalamiko ya rangi yamepungua sana, ila zambarau bado inanishinda. Jicho linaona zambarau, simu inatoa bluu, upenuni au popote. Hiyo naandika chini ya picha kwamba ni zambarau iliyoiva, kama biringanya, na asiyeniamini namwambia apite nyumbani aishike kwa mkono wake.