Nimebadilisha balbu mbili za skuta kabla sijashtuka kuangalia waya

Mimi sio fundi, naomba hilo lieleweke mapema, nina bisibisi mbili, mita ya kupimia umeme na ubishi. Skuta yangu ni cc 125 ya kabureta, na taa yake ya mbele tangu zamani ilikuwa inamulika kama inaomba ruhusa. Nikazoea. Siku dimu (mwanga wa chini) ilipokata kabisa nikawa natembea na fulu (mwanga wa mbali) tu usiku, kila anayekuja mbele ananiwashia taa kwa hasira na mimi nanyanyua mkono kuomba radhi, mkono ambao hata hauonekani. Nikasema basi, kesho nafungua.

Kwenye pikipiki unazungusha skrubu mbili taa inadondoka mkononi, skuta sio hivyo bana. Taa yangu imejificha ndani ya kava la usukani, lazima utoe sait mira, skrubu za mbele, skrubu za nyuma upande wa dashibodi, halafu unabaki na klipu za plastiki ambazo huzioni, unazisikia tu zikilia. Ya kwanza niliivunja. Nikaja kugundua plastiki ikiwa ya baridi inakatika kama biskuti, ukianika skuta juani kidogo kwanza klipu zinaachia zenyewe ukivuta taratibu kwa vidole sio kwa bisibisi.

Balbu ilivyotoka nikaona mambo yote bila kuhitaji mita: kioo kimeingia weusi upande mmoja na ule uzi wa dimu umekatika unaning'inia kama unywele. Kwenye kitako imeandikwa HS1, ndio aina ya balbu, 12V 35/35W, yaani wati 35 za fulu na 35 za dimu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Nikajiambia kwani kwa nini nirudishe ileile dhaifu, si niweke ya H4, aina nyingine, ya 60/55, wati zaidi mwanga zaidi. Zinafanana sana kwa macho ila masikio ya kitako hayakai sawa, hiyo inatakiwa ikwambie kitu, mimi nikachukua tupa nikachonga mpaka ikaingia.

Siku mbili za kwanza nilijiona mjanja. Nikivuta mafuta barabara inang'aa, ila nikisimama kwenye foleni injini ikitulia taa inageuka rangi ya machungwa, yaani unaona uzi wa balbu kwa macho bila kufumba. Siku ya nne au tano nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua nakuta plagi ya nyuma ya balbu imelainika na terminali moja imezama ndani ya plastiki, imekuwa ya kahawia. Hesabu ni ndogo tu wala sikuipiga: wati 35 kwa volti 12 ni kama ampia 2.9, wati 55 ni ampia 4.6. Waya ni zilezile nyembamba, koili ya magneto (inayozalisha umeme injini ikizunguka) ni ileile, ule umeme wa ziada utatoka wapi?

Nikanunua plagi mpya (ya kauri safari hii, haiyeyuki) na HS1 ya 35/35. Hii nayo nikaishika kioo kwa vidole vya jasho, jamaa mmoja akanikemea, akanipa kitambaa chenye spiriti. Halojeni, yaani balbu za aina hii, inachemka sana, alama ya mafuta ya kidole inafanya sehemu moja ya kioo ipate joto kuliko kwingine, balbu inakufa mapema. Shika kitako tu.

Taa ikawaka, dimu na fulu zote, lakini mwanga ukawa uleule wa kuomba ruhusa. Ndio nikatoa mita. Kitu ambacho nilikuwa sijui ni kwamba kwenye skuta nyingi za aina hii taa ya mbele haitumii betri kabisa, inakula AC (umeme unaobadilisha mwelekeo, sio DC kama wa betri) moja kwa moja kutoka kwenye koili kupitia reguleta, kile kidude kinachozuia volti zisizidi, ndio maana inafifia injini ikitulia na haiwaki injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo mita unaweka kwenye AC, ukiweka DC itakuonyesha upuuzi. Mita za kawaida hazisomi vizuri sana huo umeme wa magneto lakini mimi nilitaka kulinganisha sehemu mbili tu. Nikapiga resi ya wastani: waya inapotoka kwenye reguleta 13.4, kwenye plagi ya balbu 11.9. Volti moja na nusu imepotelea njiani!

Unaweza kusema volti moja na nusu ni kitu gani, mimi pia nilisema hivyo. Kumbe halojeni inadeka kweli, ukiipunguzia volti asilimia 10 tu mwanga unashuka karibu asilimia 30. Nikafuata waya ya ethi, ile ya kijani inayorudisha umeme kupitia fremu, nikakuta imefungwa kwenye bolti la fremu pamoja na nyingine mbili na zote zimeota kutu nyeupe ya unga. Msasa, nikakata ncha mpya, nikabana terminali mpya, grisi kidogo juu. Nikapima tena, 12.9. Jamani ile taa ilibadilika, balbu ileile. Sijui nilichonga ile H4 kwa sababu gani.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini ile ya kufifia injini ikitulia bado ilinikera, nikanunua LED. Nikachomeka kwenye plagi ileile na ikawa disko, kwenye resi ndogo inacheza cheza mpaka macho yanauma, maana LED inataka DC na mimi naipa AC. Wengine huwa wanarudisha wanasema LED feki, na mimi nilikaribia.

Suluhisho likawa kuhamishia taa kwenye betri. Nilichofanya: nikachomoa waya ya AC inayoingia kwenye swichi ya taa tu, nikaifunga tepu, halafu nikaleta waya mpya kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampia 10 karibu kabisa na betri, ikapita kwenye relei (swichi inayojifunga kwa umeme), na relei inaamshwa na waya inayopata umeme ukiwasha swichi ya ufunguo. Angalieni msikate ile waya ya AC huku nyuma mnapoiona, kwangu ilikuwa inalisha na taa za dashibodi na taa ya nyuma, na kuna skuta inalisha hadi choki ya otomatiki. Na hii mbinu inafaa LED kwa sababu yangu inakula wati 18 hivi, ukihamishia halojeni ya 35 kwenye betri ya skuta huenda chaji ikashindwa kuifukuzia, asubuhi unapiga kiki.

Kilichobaki ni kuielekeza. Vile vichipu vya LED lazima viangalie kulia na kushoto, kile kikombe kidogo cha chuma kikae chini ya chipu ya dimu, la sivyo mwanga unaruka juu na unawapofusha watu. Yangu mwanzo niliifunga imepinda kidogo na kweli nikaanza kuwashiwa tena zile taa za hasira. Nikaegesha mita 5 kutoka ukutani sehemu tambarare, nikakaa juu ya skuta (uzito wako unabadilisha kitu), nikaweka alama ya chaki usawa wa katikati ya taa, nikazungusha kola ya balbu mpaka ule mstari wa dimu, pale mwanga unapoishia kwa juu, ukanyooka, halafu skrubu ya chini ya taa mpaka mstari ukashuka kama sentimita 7 chini ya chaki. Kuna nchi haziruhusu LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni, cheki sheria ya kwenu kabla hujanunua.

Lawama yangu kwa LED ni mvua. Nyeupe ile kwenye lami iliyolowa inamezwa, halojeni ya njano ilikuwa inaonyesha mashimo vizuri zaidi. Kwa hiyo ile HS1 sijaitupa, iko chini ya siti ndani ya soksi, plagi ni ileile na fyuzi inaibeba, LED ikinifia njiani naichomeka nafika nyumbani.