Siku moja maishani mwangu: rido yangu ya bluu ilivyofanywa hoteli

Saa kumi na mbili asubuhi

Nimeamka na simu mkononi, tabia mbaya najua, ata uso sijanawa. Gurupe yetu ya WhatsApp ina mesaji 412 tangu jana usiku. Nikajua tu kuna mtu amepotea, juu mvua inyeshe, kura (umeme) ikatike, watu wa hapa Goma hawaandikake hivyo.

Ni binti wa miaka kumi na tisa wa kule Ndosho. Siku ya kwanza aliaga anaenda ku soko Virunga, na leo ni siku ya tano hajarudi. Kuna avi (tangazo) yenye maandishi mekundu, foto yake, nambari ya simu chini. Na chini ya avi kuna watu mia nne ambao jana walikuwa wauza inite (vocha za simu), wanafunzi, mafundi wa viatu, leo wote ni makomisere wa polisi.

Mmoja ameikuza foto akasema rido (pazia) ya bluu iliyo nyuma ya binti ni ya hoteli moja upande wa ziwa, mwingine akaleta foto ya chumba cha hoteli akaziweka kando kwa kando na duara nyekundu, wa tatu akaona mkono ku bega ya binti akasema huo ni wa mwanaume, tena mwenye pesa, angalieni kucha. Kufika saa kumi na moja ya alfajiri kesi ilikuwa imefungwa: kuna muzee, kuna hoteli, wamepita Petite Barrière, mpaka wa Rwanda, saa hii wako Kigali wanakunywa.

Nikaikuza na mimi. Pale chini kulia kuna katundu kadogo ka kuungua na pasi. Jamani. Hiyo rido ni yangu.

Saa moja na nusu

Kwa wasionijua: niko na meza ya fotokopi na foto paspoti upande wa Birere, mashini moja, printa moja inayokunywa wino kuliko bwana ya jirani yangu anavyokunywa pombe, na ukuta wa mbao niliouangikia rido. Hiyo njo studio. Nikafika mbio na moto (pikipiki), sikuagiza ata chai, nikafungua mashini nikatafuta ndani ya dosye za mwezi wa tatu. Iko. Alikuja kupiga foto za dosye ya Ekzame d'Eta, mtihani wa mwisho wa sekondari. Na ile foto yenyewe, nzima kabla ya kukatwa, inaonyesha mwenye mkono: shangazi yake, mama mnene mwenye kitenge, anamtengenezea kola.

Nikaandika ku gurupe, kwa moyo mweupe kabisa: "Hiyo rido ni yangu, hiyo foto nilipiga mimi mwezi wa tatu, na mkono ni wa shangazi yake."

Dakika mbili kimya.

"Kwa hiyo mara ya mwisho alionekana kwako?"

Nikajibu nimesema mwezi wa tatu. "Mbona ulinyamaza usiku muzima?" Nilikuwa nalala. "Kulala njo alibi?" Halafu mtu mmoja, ambaye nadhani alikujaka kunakilisha karte d'elektere (kadi ya kupigia kura) siku moja, akasema ule mudada ata chenji harudishake vizuri.

Saa tatu

Foto ya meza yangu iko ku gurupe. Imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, rido imezungushiwa duara, na mimi niko ndani na mandazi mdomoni. Si mnaona ninavyokula mandazi kama mtu mwenye siri.

Niseme ukweli ambao sijausemaka hapa. Zamani duara hizo nilichora mimi. Nilikuwa mkali sana. Foto ya Goma unaitambua na ukuta, mawe meusi ya volkano, wakati Bukavu utaona udongo mwekundu na nyumba zimepandana ku mlima. Ukinipa kipande cha ukuta, nguzo ya umeme na rangi ya jile (kizibao) ya motari wa pikipiki nilikuwa nakutajia kartie (mtaa). Mwaka jana kuna kijana alipotea, nikatambua ukuta nyuma yake, nikaandika "hiyo ni Majengo, njia ya tatu, geti ya kijani" na watu wakanipigia makofi. Vijana kumi na kitu wakaenda kugonga ile geti usiku. Mwenye nyumba ni mama muuza makala (mkaa), alimpigaka tu foto yule kijana siku alipomletea gunia. Siku mbili baadaye kijana akarudi mwenyewe kutoka Sake. Geti ya yule mama iliharibika bawaba. Najua juu nilipita nikaiona, nikapita tu, sikuingia kuomba msamaha.

Na gurupe yenyewe haikuanza vibaya. Ilianza na ile siku ya posho (jumamosi), tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka jioni na mji muzima ukatoka na magodoro kichwani, wengine Gisenyi, wengine njia ya Sake. Petit yangu, mdogo wangu wa miaka saba, aliniponyoka mkononi. UNICEF walikuja kusema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia na wengine zaidi ya 170 inaogopwa wamepotea, na mimi kati ya hizo hesabu nilikuwa na mmoja wangu. Siku ya tatu tukampata. Hakuna aliyekuza foto. Volontere wa Croix-Rouge alimwuliza mtoto mama yako anaimba koro (kwaya) gani, mtoto akataja koro, mtu wa koro akapiga simu. Basi.

Saa nne mpaka saa sita

Wateja ni wengi kuliko kawaida na nusu yao hawana kitu cha kunakilisha. Wanaangalia rido. Dada mmoja amelipa foto paspoti akaomba "ile ya hoteli".

Mwanafunzi wa sheria amekuja kuprinti TFC yake (kazi ya kumaliza masomo), kurasa 64, na wakati printa inatafuna karatasi akanipa kozi ya bure. Akasema usione ni ujinga wa hapa kwetu. Marekani 2013, baada ya bomu za marathoni ya Boston, watu wa mtandao wa Reddit walikaa na mafoto vilevile, duara nyekundu vilevile, wakamtaja mwanafunzi mmoja ambaye familia yake ilikuwa inamtafuta tangu mwezi mmoja. Si yeye. Alikuwa ameshakufa, na familia ile ile iliyokuwa ikilia ikaanza kupokea matusi, mpaka wakubwa wa Reddit wakaomba msamaha mbele ya watu. Akasema tena ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea tarehe 8 mwezi wa tatu 2014 na watu 239: mamilioni ya watu duniani walikaa nyumbani wakikagua picha za satelite wakitia alama kila kitu cheupe ku maji, ata Courtney Love yule muimbaji alichora mishale yake. Kipande cha kwanza cha hiyo ndege kilionekana mwaka uliofuata, kisiwa cha Réunion, na walioona ni watu wa kusafisha pwani.

Hiyo ya watu wa kusafisha pwani imenikaa sana. Yeye akalipa, akanikumbusha kuko Code du numérique (sheria ya mambo ya mtandao) tangu 2023 inayoadhibu kusambaza uongo, nikamwambia sawa maitre, nenda basi kakamate watu mia nne.

Saa saba

Muzee mmoja amesimama mbele ya meza, koti ya zamani imepigwa pasi vizuri, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Jambo mwanangu. Weye njo wa rido?"

Nikajua ni yeye, papa ya binti. Nikampa kiti changu. Hana WhatsApp, ana kasimu ka vibonyezo, mtoto wa jirani njo alimwambia foto ilipigiwa hapa. Hakuja kunishtaki, alikuja kuuliza kama nina foto nyingine ambayo mwanawe anacheka, juu ile ya avi anaonekana mukali na yeye si mukali.

Ninayo. Kuna moja alicheka shangazi alipomvuta kola.

Nikasema ngoja papa tutengeneze avi upya, nipe nambari. Akaitaja pole pole, nikaandika, nikaangalia ile ya zamani, nikahesabu. Nikahesabu tena na kidole. Yake tarakimu kumi, kama nambari zote za hapa. Ya ku avi tarakimu tisa. Saba mbili zinafuatana, mjomba aliyeandika kwa haraka aliweka moja.

"Papa, tangu siku ya pili kuna mutu alikupigia?"

"Hapana, mwanangu. Simu iko kimya. Nikasema labda batu hawatupende."

Watu mia nne. Walihesabu kucha za shangazi. Hakuna ata mmoja aliyeijaribu ile nambari, na mimi humo ndani, juu mimi pia nilianza na rido.

Nikamwuliza mambo ambayo ku gurupe hayakuulizwa. Urefu? Ananifika hapa, akagusa kidevu. Alivaa nini? Kitenge kijani na blauzi nyeupe. Begi? Ya njano. Viatu? Hapo sura yake ikabadilika, juu viatu alivishona mwenyewe siku ya yenga (jumapili), sandali za kahawia, uzi mweusi ulikuwa umeisha akashona na mwekundu, binti akamcheka. Nikaandika uzi mwekundu. Kopi ishirini. Nilikataa franga, akaziweka chini ya agrafeze wakati nageuka.

Saa tisa

Nimeiweka avi mpya ku gurupe nikaandika kwa herufi kubwa NAMBARI NJO HII, PIGENI. Jibu la kwanza: "Mbona mumebadilisha nambari? Munaficha nini?"

Nikafunga simu. Zile za karatasi nikawapa mamotari wa Signers, mmoja akachukua nne za kupeleka ku port na Kituku. Hawakuuliza kitu cha rido. Mmoja aliuliza tu kama binti amemaliza shule.

Saa kumi na nusu

Simu ya muzee imelia, ya kwanza. Sauti ya kijana: tuko naye, yuko salama, tumeni dola 50 ya transporti ku nambari hii. Muzee alishaanza kujipapasa mifuko. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, muulize viatu vimeshonwa na uzi gani.

"Mweusi," kijana akasema.

Ata kusoma avi hakusoma! Muzee akakata mwenyewe.

Karibu saa kumi na mbili

Ya pili. Mama, muuza samaki sambaza ku port. Muzee aliweka simu kwa sauti tukasikia wote, mimi na fundi wa radio wa jirani. Alisema tangu siku ya tatu alikuwa anapiga nambari ya kwanza, inasemaka nambari haiko, akafikiri ni yeye hajui kupiga. Leo motari amebandika karatasi ku kibanda yake. Huyo mutoto alikaa kwake usiku wa siku ya kwanza akingoja boti ya Bukavu. Begi ya njano. Alikuwa analia. "Nikamuuliza viatu vya namna gani hivi, akasema papa njo alishona, akacheka na machozi."

Muzee alikaa chini ku rame za karatasi. Kitu alichokuwa anaogopa ni ziwa. Tangu ile boti ya kutoka Minova ilizama hapa karibu na Kituku tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, kila mzazi hapa anaogopa ziwa. Akauliza mara mbili: boti ilifika? Ilifika, mama akasema, ilirudi ata, iko hapa. Kesho asubuhi muzee anaenda kuomba waangalie jina ku listi ya abiria. Hajapatikana, naandika hivi msije mkasema nimesema amepatikana.

Saa moja na nusu usiku

Niliandika ku gurupe kwamba kuna mtu alimwona ku port. Vidole gumba sita. Halafu mmoja akaleta foto ya ndani ya boti, duara nyekundu: "Angalieni dirisha. Boti nayo iko na rido ya bluu."

Nimerudi nyumbani na rido yangu ndani ya sakoshi, sikutaka kuiacha pale usiku. Yaya, ndugu yangu mkubwa, anapika bugari na sombe. Nikatia maji mu beseni na sabuni, juu mavumbi ya Birere yameshaifanya karibu kijivu, nikaizamisha. Yaya akageuka na mwiko mkononi.

"We! Toa. Ukiifua leo, kesho watasema unafuta alama."

Nikaitoa. Ilikuwa imeshalowa nusu.