Kwa nini tunaufungua msimbo wetu

Wiki iliyopita, tukiwa ofisini kwetu Area C hapa Dodoma, mwenzangu aliniuliza kwa nini tuweke hadharani msimbo, yaani maagizo tuliyoiandikia kompyuta, wa programu yetu ya kupokea zabibu za wakulima wa Hombolo, ilhali tumeuandika kwa miezi minane bila kulala vizuri. Swali ni la haki.

Nilimkumbusha kwamba mteja wetu hanunui mistari ya msimbo. Ananunua mtu wa kumpigia simu pale mzani unapogoma katikati ya mavuno, foleni ya matoroli ikiwa imefika barabarani. Kampuni ya programu ya Red Hat ilijengwa juu ya hoja hiyo hiyo: Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, lakini kampuni zililipia huduma na uhakika, hadi IBM ikainunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Google nayo haikuitoa Android kwa ukarimu tu. Ilitaka simu za watengenezaji wengi ziwe njia ya kufikia huduma zake.

Sababu yetu ni ndogo zaidi, na pengine ya ubinafsi. Sehemu ya kusoma mzani inamfaa kila anayepima mazao, hata mnunuzi wa alizeti Singida, nasi hatuwezi kuijaribu kwenye mizani ya kila aina. Akiirekebisha mwingine, nasi tunanufaika. Sehemu ya malipo ya wakulima tutabaki nayo.

Kilichobaki ni leseni, yaani masharti ya kuutumia msimbo huo. Mwenzangu anapendelea ile iitwayo MIT, inayomruhusu mtu kuutumia msimbo karibu atakavyo, kwa ufupi wake. Mimi navutiwa na GPL, inayomtaka anayesambaza programu aliyoirekebisha atoe pia msimbo wake.