Ninavyodumu na vijana wa U-17: ukocha unadai tabia gani

Wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye ukocha wa soka huanza na leseni. Ngazi zake za CAF, Shirikisho la Soka Afrika, zinajulikana: D, C, B, A, kisha Pro, na bila cheti hufiki mbali. Ila kinachoniweka kazini na vijana wa chini ya miaka 17 ni tabia, na kila tabia ina namna yake ya kuifanyia mazoezi.

Ninayoitanguliza ni kubana mdomo. Kocha mgeni husimamisha zoezi kila mpira unapopotea, anahutubia dakika tano, vijana wanapoa, giza linaingia. Mimi nikipuliza filimbi najipa sekunde 30. Kila mtu anabaki palepale alipokuwa, naonyesha kosa moja, mpira unaendelea. La pili nalipita. Chukua rondo, zoezi la wanne kupigiana pasi huku wawili wakiutafuta mpira, ndani ya mita 10 kwa 10. Pasi zikikatika ovyo, usipige kelele za "toa mpira, toa mpira!" Tazama mwili wa anayepokea: mara nyingi kifua kimemwelekea mpigaji, kwa hiyo upande wa pili wote haoni. Namwambia "fungua mwili", yaani asimame kiubavu aone pande zote, basi. Ikishindikana bado, eneo ni finyu kwao. Sogeza koni mita mbili nje.

Jicho la namna hiyo halitoki kwa kufuata mpira, maana mpira hata shabiki anaufuata. Siku ya mechi nachagua mchezaji mmoja, namtazama yeye tu kwa dakika 10 na kuandika kwenye daftari. Je, anageuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kupokea? Akipoteza, anakaba au anashika kiuno? Faida ya daftari utaiona mzazi atakapokuja: "Kocha, mbona mwanangu anasugua benchi?" Kumjibu "aongeze bidii" ni kumfukuza kwa adabu. Jibu linalotuliza ni hili: "Mama, anapokonywa mipira kwa sababu haangalii begani kabla ya kupokea. Tumempa zoezi lake, karibu Jumamosi umwone." Mzazi akipewa kitu cha kutazama, hata akitoka hajaridhika, ugomvi umekwisha.

Haki ndiyo ngumu kuliko zote, na hapa nina msimamo mkali. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanahesabiwa rika moja, ilhali wanapishana karibu mwaka mzima. Mkubwa ana kifua, anashinda mipira ya juu, na kocha mwenye pupa ya kombe humpanga kila wiki. Mdogo mwenye akili ya mpira anaishia kubeba chupa za maji, kisha anaacha. Kando ya kila jina naandika mwezi wa kuzaliwa na dakika alizocheza. Mwezi ukiisha, hesabu inasema yenyewe kama ninapanga vipaji au ninapanga vimo.

Subira hupimwa kwenye kupasha misuli. Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi 15, inachukua kama dakika 20, na inatakiwa angalau mara mbili kwa wiki. Vijana huyachoka upesi, wanataka mpira, na kocha naye akichoka anayakata nusu. Tena kuyafanya bila kusahihisha ni kupoteza muda: simama mbele ya mchezaji anaporuka na kutua. Goti likikunjika kwa ndani, mrudishe kwenye mruko mfupi mpaka goti likae sambamba na vidole vya mguu. Majeraha mengi mabaya ya goti huanzia kwenye kutua goti likiwa limekunjika kwa ndani.

Hasira sasa ina bei. Tangu msimu wa 2019/20 sheria inamruhusu mwamuzi kumpa kocha kadi ya njano au nyekundu, na aliyekosa kwenye benchi asipojulikana, adhabu inamwangukia kocha mwandamizi aliyepo eneo la ufundi. Kwa hiyo kujizuia mwenyewe hakutoshi. Kwangu nahodha pekee ndiye huzungumza na mwamuzi, na msaidizi mwenye mdomo mwepesi nampa kazi ya kupasha sabu kule pembeni.

Tukifungwa, pale uwanjani natangaza saa ya mazoezi yajayo tu, wanapanda gari. Uchambuzi unafuata siku ya mazoezi, kabla ya kupasha, na hauzidi mambo mawili.